Gari Limegoma: Vitenzi vya Gereji na Historia Yake Kyela

Wazee wa barabarani wanalijua neno taniboi. Siku hizi tunalitumia kwa maana ya utingo, yule msaidizi wa dereva wa lori anayepakia na kupakua mizigo, anayeweka jiwe nyuma ya tairi mlimani na kulala juu ya magunia safari ikiwa ndefu. Vijana wengi hawajui kwamba ndani ya neno hilo imo kazi ambayo haipo tena. Asili yake ni Kiingereza, na tafsiri yake ya moja kwa moja ni kijana wa kuzungusha. Kilichozungushwa ni chuma kilichopinda, kilichochomekwa mbele ya gari ili kuiamsha injini. Dereva alikaa ndani na kushika usukani, taniboi akasimama mbele ya pua ya gari na kuzungusha. Injini ikirudi nyuma ghafla, chuma kile kiliweza kumvunja mkono.

Gari la kwanza kuuzwa kwa wingi likiwa na stata ya umeme lilikuwa Cadillac la mwaka 1912, kwa ufundi wa Mmarekani Charles Kettering. Kabla ya hapo kila safari ilianza kwa mkono wa mtu. Luteni Paul Graetz, Mjerumani aliyeondoka Dar es Salaam tarehe 10 Agosti 1907 na kufika Swakopmund tarehe 1 Mei 1909, akawa wa kwanza kulivuka bara hili kwa motokaa kutoka bahari hadi bahari. Hakuwa na ufunguo wa kugeuza. Stata ilipoenea, mkono ulipumzika, lakini neno taniboi likabaki na kuhamia kwenye magunia. Ndivyo maneno yafanyavyo mara nyingi: kazi hufa, jina likatafuta ajira nyingine.

Nimelitanguliza neno hilo kwa sababu nataka kuzungumzia ugonjwa mmoja wa magari ya zamani na namna Kiswahili chetu cha gereji kilivyosaidia kuutambua. Ni ugonjwa wa gari linalowaka leo, likakataa kesho, likawaka tena kesho kutwa bila mtu kuligusa. Fundi yeyote atakwambia kuwa gari lililokufa kabisa ni rahisi kulitibu kuliko hili. Lililokufa hukaa kimya mpaka umelipima; hili la kigeugeu hupona mbele ya fundi na kuugua akishaondoka.

Kwanza niseme jinsi ufundi ulivyofika kwetu, kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Vita vya kwanza vya dunia vilipofika, na jeshi la Jenerali Northey likaingia Neu Langenburg, yaani Tukuyu, Mei 1916, mizigo mingi ilikuwa bado vichwani mwa wapagazi. Baadaye Wanyakyusa wengi walikwenda kutafuta kazi kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa, huko Chunya, na wengine wakaenda mbali zaidi, Rhodesia ya Kaskazini na Afrika Kusini. Vita vya pili vikawachukua vijana wa Tanganyika hadi Burma, na jeshini baadhi yao wakajifunza kuendesha malori na kuyatengeneza. Ufundi wa magari ulirudi nyumbani ukiwa mikononi mwa watu hao, wala si ndani ya vitabu. Ulirudi pia ukiwa na msamiati wake.

Utazame vizuri msamiati huo, msomaji, utaona jambo ambalo hadi leo sijaliona likipewa uzito unaostahili. Majina ya vitu karibu yote ni ya kukopa: injini, betri, stata, plagi, kabureta, koili, pointi, boneti, spana. Hata gari lenyewe tulilipata kutoka Kihindi. Lakini ukimsikiliza fundi anapoeleza gari linafanya nini, mikopo inapungua mno. Injini inawaka, inazima, inazunguka, inashika, inakata, inakohoa, inavuta, inakosa nguvu. Hivi ni vitenzi vya jikoni na shambani, vya moto wa kuni na vya mwili wa binadamu. Nomino tulizikopa, vitenzi tulikuwa navyo. Na utambuzi wa ugonjwa, iwe wa mtu au wa mashine, hufanywa kwa vitenzi.

Kipo kitenzi kimoja kinachoharibu kazi: kugoma. Tunasema "gari limegoma" kama tunavyosema wafanyakazi wamegoma. Kitenzi hiki hakielezi lolote lililotokea chini ya boneti. Kinalipa gari nia, na penye nia watu hutafuta mwenye hatia.

Katikati ya miaka ya 1980, nilipokuwa mwalimu kijana wa historia katika shule moja ya sekondari wilayani Kyela, niliona kitenzi hicho kikikaribia kumfukuzisha mtu kazi. Shule ilikuwa na Land Rover moja, Series III ya petroli, yenye injini ya lita 2.25. Ndilo gari lililoleta unga, lililopeleka wanafunzi wagonjwa hospitalini usiku, lililokwenda Mbeya kuchukua mitihani. Petroli ilikuwa ya mgao na vipuri vilikuwa hadithi. Basi gari hili likaanza kukataa. Kuna asubuhi dereva aligeuza ufunguo bila mafanikio; akimwita mkuu wa shule aje aone, linawaka. Kuna alasiri lilikataa kurudi kutoka sokoni Ipinda, na saa moja baadaye likaja lenyewe hadi shuleni. Dereva akaogopa kulizima. Alilala njaa ndani ya gari linalonguruma, na petroli ya shule ikaisha kabla ya mwisho wa mwezi. Hapo ndipo shaka ilipozaliwa. Ilisemwa ofisini, mbele yetu walimu, kwamba gari halijagoma. Aliyegoma ni dereva, na petroli anaiuza. Usiku mmoja mwanafunzi wa kidato cha pili alipandwa na homa kali, gari likakataa, na wenzake wakambeba kwenye machela hadi barabara kuu. Alipona, lakini barua ya kumwachisha dereva kazi ilikwisha kuandikwa rasimu.

Kabla haijapigwa mhuri, aliletwa fundi kutoka Kyela mjini, mzee aliyejifunzia kazi kwenye malori ya Lupa. Hakufungua boneti. Alikaa kwenye kigogo cha mwembe, akamwita dereva.

"Ndugu yangu, siku likikataa, linazunguka au halizunguki?"

Dereva akajibu kwamba haliwaki.

"Sikukuuliza kama linawaka. Nimeuliza kama linazunguka."

Dereva alifikiri kwa muda mrefu, kisha akasema siku nyingine halizunguki, linagonga tu, ka! Siku nyingine linazunguka vizuri sana ila halishiki. Mzee akaomba daftari na kalamu. Akamwagiza dereva aandike, kwa wiki mbili, kila mara gari lilipokataa: tarehe, saa, mvua au jua, gari limelala au limetoka safari, na kimoja kati ya vitenzi viwili, halizunguki au halishiki. Kuandika "limegoma" alikataza. Mkuu wa shule, ambaye nampa sifa kwa hilo, alikubali kuisubirisha barua.

Mimi niliyekuwa nikiwafundisha wanafunzi kuheshimu chanzo kilichoandikwa siku ya tukio kuliko kumbukumbu ya baadaye, nililisoma daftari lile kwa mshangao. Safu mbili zilijitenga zenyewe. "Halizunguki" yote yalikuwa ya alfajiri, gari likiwa limelala, na zaidi baada ya kupita kwenye maji. Masika ya Kyela si mchezo. Mvua kwa mwaka huzidi milimita 2,000, na barabara za huku bondeni hugeuka vijito. "Halishiki" yote yalikuwa ya mchana, baada ya mwendo mrefu, injini ikiwa ya moto. Gari halikuwa na ugonjwa mmoja wa kigeugeu. Lilikuwa na magonjwa mawili, kila moja likifuata saa yake, na neno "haliwaki" liliyafunika yote mawili chini ya shuka moja.

Baada ya hapo kazi ilikuwa ya subira. Alfajiri yenye mvua mzee alikuja na kulikuta limekataa. Aliwasha taa kubwa, akamwambia dereva ageuze ufunguo. Taa zilififia na stata ikagonga. Kama taa zingebaki na mwanga wake ule ule bila chochote kusikika, angeishuku swichi ya ufunguo au solenoidi, ile swichi kubwa inayopeleka umeme kwa stata. Lakini zilififia, maana yake betri ni dhaifu au umeme mwingi unakwama njiani. Kisha akachukua kile chuma kilichopinda, kwa kuwa Land Rover za wakati ule bado zilikuwa na tundu lake mbele, akamwita kijana wa jikoni azungushe. Injini ikashika mara ya pili. Kijana yule, bila kujua, alikuwa taniboi kwa maana ya kwanza kabisa ya neno. Na jibu lilikuwa kubwa: moto wa plagi upo, petroli ipo, kinachokosekana ni nguvu ya kuzungusha tu.

Asubuhi iliyofuata mzee alifanya jambo ambalo sikulitarajia. Aliweka vidole kwenye waya wa choki, ule wa kuvuta kwa mkono, dereva akigeuza ufunguo. Ulikuwa wa moto. Waya wa choki hauna kazi yoyote na umeme. Umeme wa stata ukitoka kwenye betri lazima urudi kwenye betri, na katika gari lile ulirudi kwa mkanda wa nyuzi za shaba ulioiunganisha injini na chesisi. Injini yenyewe imekalia mipira, na mpira haupitishi umeme. Mkanda ukiliwa na kutu, umeme hutafuta njia ya panya, na njia ya panya ilikuwa waya wa choki. Alfajiri, oili ikiwa nzito, stata inadai umeme mwingi, na njia hiyo nyembamba haitoshi. Mchana injini ni nyepesi kuzunguka, umeme kidogo unatosha, ndiyo maana mkuu wa shule akifika saa tatu alilikuta zima. Mzee alifunga waya mnene kutoka injini hadi kichwa hasi cha betri, na stata ikazunguka papo hapo. Mkanda ulipofunguliwa, ncha yake ilikuwa unga wa kijani.

Ugonjwa wa mchana aliushughulikia baada ya kulizungusha gari hadi Ipinda na kurudi jua kali. Lilipokataa kushika, alichomoa bomba la petroli kwenye kabureta, petroli ilikuja. Alichomoa waya wa plagi na kuusogeza karibu na chuma cha injini. Cheche ilikuwa ya njano, nyembamba kama uzi. Akaweka kitambaa chenye maji juu ya koili ili kuipoza. Hakuna kilichobadilika. Akafungua distribyuta, akaona pointi zimeungua nyeusi, akasema "kondensa". Kidude hicho kidogo hufanya kazi kikiwa baridi na kukata tamaa kikipata moto. Kingine kilipatikana ng'ambo ya Songwe, Karonga, kutoka gari lililokufa siku nyingi, kwani hapa kwetu hakikuwapo dukani. Dereva aliendelea na kazi hadi alipostaafu.

Mabadiliko ya leo ni makubwa. Magari mengi yanayopita Kasumulu na kuteremka kwenda Matema hayana pointi wala tundu la chuma cha kuzungushia, na yale yenye gia za kujibadilisha hayawaki kwa kusukumwa. Vijana huchomeka kimashine kinachosoma namba za hitilafu. Nomino mpya zimeingia, sensa na kontroli boksi, na zitakuja nyingine. Nilipowapitia mafundi wa karibu na stendi ya Kyela mwaka juzi, mwanamke mmoja alikuwa amesimama kando ya Toyota yake akilalamika kwamba tangu Jumatatu limegoma. Fundi, kijana wa miaka ishirini hivi, aliendelea kufuta mikono kwa kitambaa, akamuuliza bila kuinua uso: "Mama, halizungushi au halishiki?"