Kenya: Ubora wa makao ya wazee hupimwa vipi?

Nchini Kenya, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, mzee hutarajiwa kuzeekea nyumbani mikononi mwa watoto na wajukuu. Kumpeleka mzazi katika makao ya wazee huhesabiwa na wengi kuwa ni kumtupa. Hata hivyo wapo wazee wasio na jamaa, wapo ambao watoto wao wamehamia mijini au ughaibuni, na wapo ambao maradhi yao yamezidi uwezo wa familia. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu wapatao milioni 2.7 wenye umri wa miaka 60 na zaidi.

Ni wachache miongoni mwao wanaoishi katika makao. Lakini kwa hao wachache na jamaa zao, swali moja ni zito: mtu atajuaje kwamba mzee aliyemwacha humo anatunzwa ipasavyo? Mzee mwenyewe huenda asiweze kueleza, ama kwa sababu kumbukumbu imempotea, ama kwa kuwahofia wale anaowategemea kwa chakula na maji.

Haki iliyoandikwa

Kifungu cha 57 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinaitaka Serikali ichukue hatua za kuhakikisha kwamba wazee wanashiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, wanajiendeleza, wanaishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na wanapata matunzo na msaada unaofaa kutoka kwa familia na kwa Serikali. Katiba hiyo hiyo inamtambua mzee kuwa ni mtu aliyefikisha umri wa miaka 60.

Katika ngazi ya bara, Umoja wa Afrika ulipitisha Januari 2016 itifaki kuhusu haki za wazee, nayo ikaanza kutumika Novemba 2024. Itifaki hiyo inazitaka nchi zilizoiridhia kuhakikisha kuwa makao ya wazee yanafuata viwango vya chini vilivyowekwa kitaifa, na kwamba mzee haingizwi humo kwa kulazimishwa.

Tanzania Bara, Serikali yenyewe huendesha makazi ya wazee wasiojiweza, kama vile Nunge huko Kigamboni, na Zanzibar inayo ya Sebleni na Welezo. Kenya, makao mengi yameanzishwa na makanisa, mashirika ya hisani na watu binafsi. Yapo yanayolipiwa ada na familia, na yapo yanayoishi kwa unga, mafuta na nepi zinazoletwa na wahisani. Hakuna orodha ya umma inayoyapanga makao hayo kwa alama, ili mwananchi alinganishe moja na jingine kabla ya kuchagua.

Siku ya ugeni si kipimo

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika makao ya wazee methali hiyo ni kweli kupita kiasi. Siku wanapokuja wahisani na wapiga picha, mashuka ni meupe, sakafu imepigwa deki, na nyama ipo mezani. Mgeni huondoka ameridhika. Alichokiona si uongo, ila ni siku moja.

Saa ngumu katika makao ni usiku wa manane, alfajiri kabla ya zamu kubadilishana, na mwisho wa wiki wafanyakazi wanapopungua. Katika saa hizo mzee asiyeweza kujigeuza hulala ubavu mmoja, na anayehitaji kwenda msalani huita. Kwa kuwa jamaa hawapo kushuhudia, kinachowezekana ni kuzichunguza athari ambazo saa hizo huziacha nyuma.

Mikono mingapi, kwa wazee wangapi?

Kipimo cha kwanza ni idadi ya wahudumu. Swali lisiishie kwenye jumla ya walioajiriwa, maana ndani ya jumla hiyo wamo wapishi, walinzi na walio likizoni. La kuuliza ni hili: usiku wa jana walikuwapo wahudumu wangapi, kwa wazee wangapi, na miongoni mwao muuguzi aliyesomea alikuwapo? Ratiba ya zamu itajibu, iwapo makao yanaiweka na yako tayari kuionyesha.

Uzoefu wa Marekani, yenye maelfu ya makao ya aina hii, unaonyesha jinsi suala hili lilivyo gumu. Mwaka 2024 serikali ya nchi hiyo iliweka sharti kwamba kila mkazi apate wastani wa saa 3.48 za uuguzi na matunzo kwa siku. Kwa makao yenye wazee 30, hizo ni saa zipatazo 104, yaani wafanyakazi 13 wa zamu za saa nane katika mchana na usiku mmoja. Wamiliki walipinga wakisema gharama haibebeki na wauguzi hawapatikani, na Aprili 2025 mahakama ya shirikisho huko Texas ililitangua sharti hilo. Ikiwa mvutano huo umeishinda nchi tajiri, ni rahisi kuona kwa nini makao yanayotegemea hisani hujikuta na mhudumu mmoja kwa chumba kizima.

Ngozi, uzani na kikombe cha maji

Kipimo cha pili ni mwili wa mzee mwenyewe. Vidonda vya kulalia hutokea pale ngozi inapobanwa kwa muda mrefu kati ya mfupa na godoro: kwenye kiuno kwa nyuma, nyonga, visigino na viwiko. Kwa desturi, wauguzi humgeuza mgonjwa asiyejiweza kila baada ya saa mbili hivi. Vingi vya vidonda hivyo huweza kuzuiwa, na kwa hiyo vinapoonekana kwa wazee kadhaa wa makao yale yale, lazima iulizwe usiku ulipitaje.

Vitabu vingi vya tiba husema kuwa dalili ya mwanzo ni wekundu. Kwa ngozi nyeusi wekundu huo huenda usionekane kabisa. Badala yake sehemu hiyo huwa nyeusi zaidi au ya zambarau, huwa na joto au baridi kuliko ngozi iliyo kando, na huwa ngumu au laini isivyo kawaida. Jamaa anayemsaidia mzee kuoga au kubadili nguo anaweza kuyahisi hayo kwa kiganja, kabla ngozi haijapasuka.

Uzani nao husema. Wauguzi huchukulia kuwa ni jambo la kuchunguzwa mzee anapopoteza asilimia 5 ya uzani wake kwa mwezi mmoja, au asilimia 10 kwa miezi sita, bila ya kukusudia. Kwa mzee wa kilo 50, hizo za mwezi mmoja ni kilo mbili na nusu tu. Makao yanayowapima wakazi kila mwezi na kuandika yatagundua mapema. Yasiyo na mizani hayatagundua.

Maji ni sehemu ya hesabu hiyo. Wahudumu wakiwa wachache, hutokea mzee akanyimwa maji ya jioni ili asiloweshe kitanda. Midomo iliyokauka, mkojo mzito na kuchanganyikiwa kwa ghafla ni dalili za kuulizia kikombe kilipo, na kama mkono wa mzee unakifikia.

Utulivu wa kutiliwa shaka

Chumba kilicho kimya kinaweza kuwa chumba chenye amani. Kinaweza pia kuwa chumba ambacho wakazi wamefungwa kwenye viti, mlango umekomewa kwa nje, au wamepewa dawa za kulewesha. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali kwamba baadhi ya dawa za magonjwa ya akili huongeza hatari ya kifo kwa wazee waliopoteza kumbukumbu. Jamaa ana haki ya kujua kila dawa anayopewa mzee wake, nani aliiandika, na kwa ugonjwa gani.

Neno la makao pekee halitoshi

Nchi zenye mifumo ya kutoa alama zilijifunza jambo hili polepole. Uingereza ilianzisha tume ya ukaguzi wa huduma mwaka 2009. Wakaguzi wake huuliza maswali matano: je, huduma ni salama, inafaa, ina upole, inaitikia mahitaji ya mtu, na inaongozwa vema? Makao hupewa daraja moja kati ya manne, na tangu mwaka 2015 hulazimika kulibandika mahali pa wazi.

Marekani ilianza kuyapa makao nyota, kutoka moja hadi tano, mwaka 2008. Kwa miaka kadhaa idadi ya wafanyakazi ilitokana na taarifa za makao yenyewe. Baadaye, mwaka 2016, serikali ikaanza kudai takwimu zinazotokana na orodha za mishahara, na kuanzia 2018 nyota zikahesabiwa kwa hizo. Mhudumu asiyelipwa mshahara hakuweza tena kuhesabiwa kuwa alikuwapo kazini.

Yaliyo katika uwezo wa familia

Kwa Kenya, ambako alama za namna hiyo hazipo, kazi ya ukaguzi huangukia familia. Ziara fupi nyingi zina faida kuliko ziara moja ndefu ya Krismasi, hasa zikifanywa bila taarifa, saa ya chakula cha jioni au asubuhi ya Jumapili. Yafaa kuuliza kuhusu usajili wa makao, ratiba ya zamu, kumbukumbu za uzani, orodha ya dawa, na hospitali ambako wagonjwa hukimbizwa usiku. Yafaa pia kuzungumza na mzee faraghani, na kuwasalimu wale ambao hawatembelewi na mtu.

Penye dalili za mateso, malalamiko hupelekwa polisi, kwa maafisa wa ustawi wa jamii katika kaunti, au katika Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya. Wanaolalamika mara nyingi huhofia kwamba mzee ataadhibiwa au kufukuzwa, na kwa asiye na pengine pa kwenda, hofu hiyo humfanya anyamaze. Ndiyo maana ukaguzi wa kushtukiza wa serikali, wenye matokeo yanayotangazwa kwa umma, hauwezi kuachiwa familia peke yao: mzee asiye na jamaa hana wa kumjia saa ya chakula cha jioni.