Kivuko cha Nyangwe

Huko Nyangwe, penye mto Lualaba, Wagenya walikuwa wavuvi na wenye mitumbwi; ng'ambo ya pili watu walilima. Siku ya soko wanawake walivuka na vyungu na vyakula, wakabadilishana kwa samaki. Hata wakati wa vita waliachwa wapite salama.

Tarehe 15 Julai 1871 watu wa wafanyabiashara Waarabu wakapiga bunduki sokoni. Wote wakakimbilia mitumbwi. Ikasongamana, wengi wakazama. Livingstone aliyaona kwa macho yake. Waarabu wenyewe walihesabu wafu 330 mpaka 400.

Basi, ndugu, tufahamu: kivuko si mtumbwi na kafi tu, ndicho amani ya jamaa za ng'ambo mbili. Makatekista, waulizeni wazee wa mtoni, mkayaandike maneno yao.