Mtoto akichaguliwa timu ya shule: kanuni ambazo mzazi huambiwa kwa kuchelewa

Mtaa wa Mbotela, kule Eastlands Nairobi, kando ya Barabara ya Jogoo, una jina la kwetu. Umeitwa hivyo kwa kumkumbuka Tom Mbotela, mwanasiasa wa chama cha KAU aliyeuawa Nairobi Novemba 1952. Ukoo wake ni wa Frere Town, Kisauni. Ndiko alikotoka James Juma Mbotela, mwandishi wa kitabu cha Uhuru wa Watumwa, na ndiko alikotoka marehemu Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji wa mpira na wa kipindi cha Je, Huu ni Ungwana?, aliyetuacha Februari 2025.

Watu wa Pwani hawajakosekana mitaa hiyo hadi leo. Kijana amaliza masomo ya chini Likoni au Malindi, mjomba ana chumba Mbotela au Jericho, basi apelekwa huko asome shule ya kutwa. Baada ya muhula mmoja simu yaingia nyumbani: amechaguliwa timu ya shule. Babake auliza avaa jezi namba ngapi. Mamake auliza kama watalishwa. Maswali mengine hayaulizwi mpaka siku mambo yameharibika, na ndiyo maana nimeona niyaweke hapa pamoja, ili ndugu msomaji uyapate kabla ya msimu.

Kwanza, mashindano yenyewe. Michezo ya shule za upili Kenya yasimamiwa na chama kiitwacho KSSSA, kwa ushirikiano na Wizara ya Elimu. Mpira wa miguu ni mchezo wa muhula wa pili, pamoja na voliboli, netiboli na raga ya wachezaji saba. Timu huanza kaunti ndogo, ikishinda yaenda kaunti, kisha kanda, kisha taifa. Wanaofanya vizuri kitaifa huenda mashindano ya Afrika Mashariki ya FEASSSA, ambayo mwaka 2023 yalikuwa Huye, Rwanda, mwaka 2024 Mbale, Uganda, na mwaka 2025 yakaja Kakamega. Wenzetu wa Tanzania wana UMISSETA yao. Tofauti ya Nairobi na Pwani ni kwamba Nairobi ni kaunti na ni kanda papo hapo. Safari za kijana wa Mbotela kwenye mechi za mwanzo ni fupi, lakini shule za kushindana nazo ziko kila kona: Ofafa Jericho, Aquinas, Kamukunji, Highway ya South B, Eastleigh, Dagoretti. Anayepata namba katika timu ya shule kama hizo amewapita wengi.

Sasa kanuni ya kwanza, ambayo ndiyo huvunja mioyo zaidi kuliko zote: nani ana haki ya kucheza. Mchezaji lazima awe mwanafunzi halisi wa shule hiyo, jina lake limo katika mfumo wa wizara wa kusajili wanafunzi, na umri wake usipite kikomo, ambacho kwa mpira wa shule za upili ni miaka 19. Muulize mwalimu wa michezo tarehe kamili ya kuhesabia umri ya mwaka huo. Usitegemee maneno ya jirani. Cheti cha kuzaliwa chatakikana, na jina lililo kwenye cheti lilingane na lililo shuleni herufi kwa herufi. Hapa ndipo watoto wetu wa Pwani hukwama. Cheti chasema Mohamed, shule imeandika Muhammad, kitambulisho cha baba kina Mahmoud. Au cheti hakipo kabisa, kwa kuwa mtoto alizaliwa nyumbani na mambo yakaachwa "tutayashughulikia". Mtoto mwenye kipaji akaa benchi msimu mzima, na kosa si lake. Kulisahihisha jina ni kazi ya miezi, wala haifanyiki wiki ya mechi. Ikiwa una mtoto wa kidato cha chini anayependa mpira, kiangalie cheti chake leo.

Na tuseme wazi kuhusu umri, kwani tunanong'onezana sana juu yake. Kuna wazazi na makocha wanaopunguza miaka. Kijana wa miaka 21 anavishwa sare na kuitwa mwanafunzi wa kidato cha pili. Wengine huazimwa kutoka klabu za mtaani kwa sababu ya mashindano tu, na mechi zikiisha hawaonekani tena darasani. Timu ikishtakiwa na ithibitike, haadhibiwi yeye peke yake. Timu nzima yaweza kuondolewa, na wale wavulana kumi na kadhaa waliocheza kwa haki warudi nyumbani mikono mitupu. Kisha kuna yule mtoto wa miaka 16 ambaye nafasi yake ilichukuliwa na huyo mkubwa. Huyo hakuna anayemtaja. Tena uongo huu haudumu: tangu Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 la mwaka 2009 kule Nigeria, FIFA hupima mfupa wa kifundo cha mkono kwa mashine ya MRI, na cheti cha kununua hakibishani na mfupa. Kwetu sisi Waislamu sioni haja ya kuongeza neno. Ushahidi wa uongo twajua hukumu yake.

Masomo. Kila shule ina masharti yake ya mahudhurio na alama, na mengi hayajaandikwa popote. Ni mwalimu mkuu na kocha wake wajuao. Mzazi ayatake kwa maandishi: mchezaji akikosa vipindi kwa ajili ya mechi, nani atamfundisha alichokosa? Akishuka alama, atasimamishwa mazoezi kwa muda gani? Akidaiwa karo, ataruhusiwa kusafiri na timu? Shule nyingine hulegeza karo kwa mchezaji mzuri, ni neema, lakini iwe kwenye barua. Nafuu ya mdomo huisha siku mtoto anapovunjika mguu, na hapo deni lote huletwa kwa mjomba wa Mbotela ambaye hakuambiwa chochote.

Wanaosema mpira na masomo haviendi pamoja nawakumbusha Michael Olunga. Alisomea uhandisi wa ramani na vipimo vya ardhi katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya huku akicheza, na mwaka 2020 akawa mfungaji bora wa ligi kuu ya Japani kwa mabao 28 akiwa na Kashiwa Reysol. Na McDonald Mariga na mdogo wake Victor Wanyama, watoto wa Muthurwa, walisoma Kamukunji, mwendo mfupi tu kutoka Mbotela. Bao la Wanyama dhidi ya Barcelona, Novemba 2012 akiwa Celtic, bado laoneshwa. Siku hizi hata mtaala umeingiza mambo haya: sekondari ya juu ina mikondo mitatu, na mmoja ni wa sanaa na sayansi ya michezo.

Mazoezi yana ada zake. Kufika kabla ya wakati, kutoa taarifa ukiugua, kubeba mipira na koni bila kusubiri kuamrishwa, kufua jezi na kuirudisha. Kocha mzuri hampangi aliyekosa mazoezi bila sababu hata awe ndiye mfungaji wake, na ukiona apangwa kila mara, jua timu hiyo haina kanuni ila ina mpendwa. Kwa shule za kutwa za Eastlands kuna jambo la kuzidi: saa ya kurudi. Mazoezi yakiisha magharibi na mtoto apite vichochoro akiwa peke yake na begi la njumu mgongoni, hilo ni jambo la kuzungumzwa na kocha mapema. Waondoke kwa makundi ya mtaa mmoja.

Mechi za mtaani nazo ni mtihani. Eastlands ina mashindano yake yenye sifa, kama Koth Biro ya Ziwani, na uwanja wa Camp Toyoyo, Jericho, haulali. Mchezaji wa shule ataitwa, na pengine atapewa mia mbili tatu za nauli. Shule nyingi hukataza kucheza nje bila ruhusa, na wavulana huona ni wivu. Sababu ni majeraha: goti likiumia Jumapili kwenye vumbi, shule haina wajibu wa kulitibu, na timu imempoteza Jumatano. Mimi sikatazi, kwani mtaani ndiko kipaji hukomaa. Lakini ruhusa iombwe. Penye mechi za pesa pana wacheza kamari pia, na kijana chini ya miaka 18 hana ruhusa ya kisheria kuweka dau. Mchezaji anayebashiri mechi yake mwenyewe amejimaliza kimpira, na kwa dini yetu kamari ni haramu kabla hata sheria haijafika.

Mavazi yana kanuni ambazo watu wetu wafaa wazisome vizuri. Sheria ya nne ya mpira yataka jezi yenye mikono, kaptula, soksi, viatu na vikinga vya miundi. Mapambo yote ni marufuku: pete, mkufu, herini, bangili ya mpira au ya ngozi. Kuifunika kwa plasta hakukubaliwi. Ndiyo, na hirizi pia. Refa akiiona atakutoa uivue. Kwa kujisitiri, kijana anayetaka kufunika mapaja mpaka magotini aweza kuvaa taiti chini ya kaptula, mradi iwe na rangi ya kaptula au ya pindo lake, na wachezaji wa timu moja wanaoivaa wavae rangi moja. Mtungi huu hujaa kwa kupanga mapema: waambieni wanunue taiti pamoja. Wasichana nao, hijabu imeruhusiwa rasmi na watunga sheria za mpira tangu 2014. Iwe nyeusi au rangi kuu ya jezi, isiunganishwe na jezi, isiwe na pini wala kitu cha kudhuru. Mwalimu akimwambia bintiyo avue kilemba ili acheze, hiyo ni rai yake. Sheria ya mpira haisemi hivyo.

Swala na saumu zahitaji mazungumzo kuliko ugomvi. Katiba ya Kenya, kifungu cha 32, yalinda uhuru wa dini, lakini kocha asiyejua saa za swala hawezi kukumbuka kile asichokijua. Mjulishe mwanzo wa msimu kuhusu Ijumaa mchana. Ramadhani miaka hii imeangukia Februari na Machi, muhula wa kwanza, kabla ya mechi rasmi, na yazidi kurudi nyuma. Kwa hiyo linaloguswa ni mazoezi ya maandalizi. Omba mazoezi mepesi karibu na futari au baada ya tarawehe palipo na usalama, na mtoto asiache daku. Kuhusu kufungua kwa ajili ya safari ya mechi, muulizeni sheikh wenu, msiniulize mimi wala kocha.

Uwanjani, nidhamu ni ile ile ya duniani. Kumbishia refa ni kadi ya njano. Tangu msimu wa 2024/25 mashindano yameruhusiwa kuweka sharti kwamba nahodha peke yake ndiye amwendee refa. Ikiwa kwenu yatumika, mwanao si nahodha, anyamaze. Aliyegongwa kichwa na kuonekana amechanganyikiwa atolewe, asirudishwe siku ile hata akisema yuko sawa. Kwa hili kocha asiyejali sina subira naye.

Na kocha naye ana mipaka. Kiboko, makofi, kuchuchumaa saa nzima kwa kukosa penalti, si "kuwafanya wanaume". Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, yakataza adhabu ya mwili na mateso ya akili kwa mwanafunzi, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Uwanja wa mpira haukuachwa nje. Kadhalika safari: wavulana na wasichana wasafiri na mwalimu anayejulikana, mzazi au mlezi awe ametia sahihi, na ajue watalala wapi.

Jambo la mwisho ndilo linalonitia hofu zaidi kwa watoto wa Pwani, kwa vile Ghuba tunaiona jirani. Mtoto akianza kufunga mabao, hutokea mtu mwenye simu nzuri aliyejiita wakala: kuna majaribio Oman, kuna akademi Qatar, yatakiwa pesa ya pasi na viza. Kanuni za FIFA, kifungu cha 19, zakataza uhamisho wa kimataifa wa mchezaji chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache, kama wazazi wenyewe kuhamia nchi hiyo kwa jambo lisilohusu mpira. Wakala halali ana leseni ya FIFA, na haruhusiwi hata kumwendea mtoto bila idhini ya maandishi ya mzazi au mlezi. Anayemfuata mwanao langoni mwa shule, akamwambia asimwambie baba, keshajieleza. Na mjomba wa Mbotela asitie sahihi karatasi yoyote kwa niaba yako kabla hujaisoma. Mpigie leo umwambie hivyo, na umuulize pia cheti cha kuzaliwa cha mtoto kiko kwa nani.