fazi iongozwayo na mfiko

fazi *nm* [i-/zi-] (istilahi ya tehama) mbinu ya kutafuta kasoro za programu kwa kuilisha data nyingi zilizoharibiwa au zilizobuniwa bila mpangilio, kisha kuangalia ni data ipi inayoizimisha au kuigandisha. fazi iongozwayo na mfiko: aina ya fazi ambayo huchagua data za kuendelea nazo kwa kutazama ni sehemu zipi mpya za msimbo zimefikiwa.

*Asili.* Neno limetoholewa kutoka Kiingereza. Maana hii ya kitaalamu ilianzia kwa Barton Miller wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani. Mwaka 1988, usiku wa dhoruba, alikuwa akitumia kompyuta ya chuo kwa njia ya simu. Kelele za laini ziliingiza herufi za ovyo katika amri zake, na programu zikawa zinazimika. Aliwapa wanafunzi wake kazi ya kufanya jambo hilo kwa makusudi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1990 yalionyesha kuwa zaidi ya asilimia 24 ya programu za UNIX zilizojaribiwa zilishindwa. Neno hili lisichanganywe na *fazi* ya «mantiki fazi», inayotokana na nadharia ya Lotfi Zadeh ya mwaka 1965. Hayo ni maneno mawili yenye tahajia moja.

Kitenzi *kufazi* hunyambulika bila taabu, kwani vitenzi vya mkopo vinavyoishia na *-i* vimezoeleka (*kubadili, kufikiri, kurudi*): *kufaziwa, kufazia*.

*Mfiko, si ufunikaji.* Hapa ndipo tafsiri nyingi zinapopotea. Neno la Kiingereza linalotaja kiasi cha msimbo kilichopitiwa wakati wa jaribio lina mzizi wa «kufunika», na wafasiri kadhaa wameandika *ufunikaji wa msimbo*. Kwa msomaji wa Kiswahili, kilichofunikwa hakionekani: chungu kimefunikwa, aibu imefunikwa. «Msimbo uliofunikwa kwa asilimia 80» utamfanya mwanafunzi makini adhani kuwa sehemu hiyo ndiyo iliyofichika, kumbe ndiyo iliyopitiwa. Wakulima wa mpunga wa Mwamkulu, katika Manispaa ya Mpanda, wangetusaidia zaidi kuliko kamusi ya Kiingereza. Maji yakifunguliwa mferejini, swali la mkulima ni kama yamefika kwenye majaruba ya mwisho. Yakifunika mashamba, hayo ni mafuriko. Tunapendekeza *mfiko* kwa sababu hiyo, nalo ni neno ambalo Kiswahili kinalo tayari.

*Inavyofanya kazi.* Tuchukulie programu inayopokea ujumbe mfupi wa mkulima: MPUNGA 12. Programu inakagua neno la kwanza herufi kwa herufi na kuukataa ujumbe mara inapokuta herufi isiyo sahihi. Fazi kipofu, inayobuni herufi sita kwa bahati nasibu, ina nafasi moja kati ya 308,915,776 ya kulipata neno hilo katika jaribio moja. Fazi iongozwayo na mfiko haifanyi kazi hivyo. Wakati wa kutayarisha programu, kompaila hupachika alama katika kila njia panda ya msimbo. Data inapoanza na M, alama mpya inaguswa. Data hiyo huhifadhiwa kuwa *mbegu*, nayo hugeuzwageuzwa hadi MP ipatikane, kisha MPU. Ikiwa kila mara hugeuzwa herufi moja tu, iliyochaguliwa kwa bahati katika nafasi yoyote kati ya sita, neno zima hupatikana kwa wastani wa majaribio yasiyozidi elfu moja.

Mbinu hii ilipata umaarufu kupitia AFL, zana iliyotolewa na Michał Zalewski mwaka 2013, ambayo jina lake refu ni la aina ya sungura. Mwaka 2014 Zalewski aliipa mbegu moja tu, faili lenye neno «hello», na kuielekeza kwenye programu ya kusoma picha za JPEG. Zana ile ilijitungia picha halali bila kuambiwa chochote kuhusu muundo wa picha. Tangu 2016, mradi wa OSS-Fuzz wa Google hufazi programu huria mfululizo.

Ngazi hiyo hukatika pale programu inapolinganisha neno zima kwa pigo moja, maana hakuna alama ya katikati ya kugusa. Mtumiaji huandaa basi orodha ya maneno ambayo programu inayatarajia, na orodha hiyo huitwa *kamusi*. Wasomaji wa ukurasa huu watavumilia kuona jina hilo likitumika kwa orodha isiyo na fasili hata moja.

*Kosa, kasoro, hitilafu.* Matumizi ya mitaani huyachanganya, lakini katika maandishi ya kitaalamu inafaa yatengwe. *Kosa* ni tendo la mtunzi wa programu. *Kasoro* ni upungufu unaobaki ndani ya msimbo, na maana ya kupungukiwa bado iko hai katika «saa tatu kasorobo». *Hitilafu* ni kinachoonekana programu inapokwenda kinyume na ilivyotarajiwa. Fazi huonyesha hitilafu, na mtu ndiye anayefuatilia nyuma hadi kwenye kasoro. *Mdudu* ni tafsiri sisisi. Linaeleweka kwa wanaojua Kiingereza, lakini kwa wengine huleta picha ya mchwa ndani ya kompyuta.

*Kuzimika na kuganda.* Programu iliyozimika imekufa ghafla, iliyoganda ingali hai lakini haijibu. Zana za fazi huweka matokeo haya mawili katika mafungu tofauti, na mfasiri asiyaunganishe kwa *kukwama*.

*Tanbihi ya maana.* «Mfiko wa asilimia 100» usifasiriwe kuwa «programu haina kasoro». Katika mfano wetu, chukua mstari unaogawa uzito wa mpunga kwa idadi ya magunia. Unaweza kufikiwa mara elfu kwa 12, kwa 7, kwa 30, bila tatizo, kisha ukazimisha programu siku inapoingia 0. Mstari umefikiwa, ila thamani inayouvunja haijafika.

*Mifano ya matumizi:*
Tuliifazi programu usiku kucha, ikazimika mara mbili kwa kasoro ileile.
Mbegu tatu zilitosha kuongeza mfiko.
Hitilafu iliyoripotiwa haikujirudia kwa sababu data iliyoisababisha haikuhifadhiwa.

*Taz. pia:* kasoro, mbegu², msimbo, njia panda.