Mpambaji wa seti

Mpambaji wa seti ndiye anayeipa nyumba ya filamu au tamthilia ya televisheni vyombo vyake: kitanda, mkeka, taa, pazia. Kuta hujengwa na wengine. Kwa filamu inayohusu Kasongo, mji wa Maniema nchini Kongo, kazi hiyo ina ushahidi adimu. Daktari Sidney Hinde, aliyekuwa katika jeshi la Dola Huru ya Kongo chini ya kamanda Dhanis, lililouteka mji huo Aprili 1893, aliandika kuhusu vitanda vya nakshi, magodoro ya hariri, vyandarua, mishumaa, bilauri za fedha. Chumba alichokaa kilikuwa na urefu wa futi 80, na mlango wake ulitokea kwenye bustani ya michungwa. Filamu itakayouonyesha mji huo wa Sefu, mwana wa Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, kuwa vibanda vitupu itakuwa imekosea.