Msikiti wa Sidi Saiyyed, Ahmedabad

Aliyeujenga msikiti huu alikuwa Mwafrika. Sidi Saiyyed, Mhabeshi aliyepanda cheo katika utumishi wa jeshi la Gujarat, aliujenga mwaka 1572 hadi 1573, wakati usultani wa Gujarat ulipokuwa ukianguka mikononi mwa Akbar, mfalme wa Mughal. Jina Sidi walipewa watu wenye asili ya Afrika waliofika huku kwa njia ya Bahari ya Hindi, wengi wao wakiwa watumwa, na wazao wao wangalipo Gujarat mpaka leo.

Tazama ukuta wa magharibi. Madirisha yale ya nusu duara ni jiwe tupu, lililotobolewa kwa patasi mpaka likawa wavu. Kwenye dirisha mashuhuri zaidi, matawi ya mti yanajipinda na kusukana, na mtende umesimama kati yao. Fuata tawi moja kwa jicho na utaona jinsi ilivyo vigumu kujua linapoishia. Alasiri, jua likishuka upande wa kibla, mwanga hupenya humo. Hakuna kazi ya mawe Ahmedabad inayoishinda hii, ingawa Msikiti wa Ijumaa wa mwaka 1424 ni mkubwa mara nyingi na hekalu la Kijaini la Hutheesing, la mwaka 1848, limejaa nakshi za marumaru.

Waingereza waliwahi kuufanya msikiti huu ofisi ya serikali. Leo ibada inaendelea. Tafadhali vua viatu, na usiguse nakshi.