Kabla ya spika: Usiku wa nyuzi kavu Kisii na Nyamira

Siku hizi ukitaja muziki wa Kisii, wengi humkumbuka Embarambamba akibiringika matopeni na kukwea miti mbele ya kamera. Ni burudani, naye ana haki ya kula jasho lake. Lakini milima hii ina historia nyingine ya muziki, ya watu kuketi usiku na kumsikiliza mtu mmoja au wawili wenye nyuzi mikononi, bila spika wala umeme. Wapenzi wa bluzi Marekani na Ulaya hulipa kiingilio kikubwa kukaa katika chumba kidogo ambamo mkongwe aliyezunguka dunia anapiga gitaa lake hatua chache tu kutoka walipo. Huku Kisii na Nyamira, kikao cha namna hiyo hakikuwa na tiketi. Palipokuwa na chungu cha busaa na mirija yake, palikuwa na mpigaji.

Chombo kilichotangulia ni obokano. Ni kinubi cha Abagusii, ndugu wa nyatiti ya Waluo na litungu ya Wabukusi, ila umbo lake linawapita wote. Mwili wake ni gogo lililochimbwa likawa kama bakuli pana, likawambwa ngozi ya ng'ombe. Mikono miwili hutokeza juu ikabeba mti uliokingama, na kutoka kwenye mti huo nyuzi nane hushuka hadi chini. Zamani nyuzi hizo zilikuwa kano za ng'ombe. Leo wengi hutumia nailoni ya wavuvi, ambayo haiozi wala haisumbuliwi na mvua za huku.

Mtazame mpigaji kabla hajaanza. Anavuta kigoda, anakiegemeza chombo, kisha anashughulika na mti wa juu. Pale uzi unapofungwa pamezungushiwa kitambaa. Anakikamata na kukisokota kidogo kidogo, huku kidole cha mkono wa pili kikiugusa uzi huo, mpaka sauti ikae alipotaka. Halafu uzi wa pili, halafu wa tatu. Akifika wa nane anarudi wa kwanza, maana ngozi imevutika na wa kwanza umeshalegea. Hakuna anayemharakisha. Soga zinaendelea, watoto wanafukuzwa wakalale na wanarudi kuchungulia. Sauti ikija ni nzito, yenye mvumo wa kukwaruza, ya chini kuliko ya vinubi vya majirani wote. Wataalamu wa muziki waliokisikia wamekilinganisha na besi kubwa ya okestra. John Varnum alikiandikia makala ya kitaalamu mwaka 1971 katika jarida la Ethnomusicology, na George Senoga-Zake akakipa nafasi katika kitabu chake kuhusu muziki wa asili wa Kenya mwaka 1986.

Mpigaji wa obokano haimbi tu. Hukatiza wimbo akazungumza, akamtaja fulani aliyeketi kona ile, akamsifu au akamchokoza, kisha akarudi kwenye nyuzi kana kwamba hakutoka. Anayeijua bluzi ya zamani ya Mississippi atautambua mtindo huo mara moja: mtu mmoja, chombo kimoja, hadithi inayonyooshwa au kufupishwa kulingana na nani yupo na usiku umefika wapi.

Hapo ndipo wengine hurukia kudai kwamba bluzi ilizaliwa kwetu. Tusijidanganye. Waafrika waliopelekwa Marekani utumwani walitoka kwa wingi pwani ya magharibi ya bara hili na Afrika ya Kati. Paul Oliver, katika kitabu chake cha 1970, aliitafuta asili ya bluzi katika nyika za kusini mwa Sahara, kwenye nchi za wapiga nyuzi kama Mali na Senegal, na Gerhard Kubik akaendeleza uchunguzi huo kwa kina mwaka 1999. Gusii, yaani Kisii na Nyamira, haimo kwenye njia hiyo. Bluzi ilifika huku kwa mlango mwingine, na mlango huo ni gramafoni.

Ushahidi wake mzuri kuliko wote uko kwa majirani, ukivuka mpaka na kuingia Sotik, kwa Wakipsigis. Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akizunguka Afrika na mitambo ya kurekodi, alifika Kapkatet. Wasichana wakamwimbia wimbo juu ya kiumbe aliyeitwa Chemirocha, nusu mtu nusu swala, wakimkaribisha aje kucheza. Chemirocha huyo alikuwa Jimmie Rodgers. Rodgers, Mzungu mzaliwa wa Mississippi mwaka 1897, alifanya kazi kwenye reli, akajifunza bluzi kwa vibarua weusi, na kuanzia 1927 akarekodi santuri zilizouzwa kote duniani. Mwaka 1930 alirekodi hata pamoja na Louis Armstrong. Kifua kikuu kilimuua mwaka 1933, miaka 17 kabla ya wasichana wale kumwimba. Sauti yake na gitaa lake vilikuwa vimefika ndani ya visanduku vya gramafoni, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona, watu walimpa umbo walilotaka. Kinubi kilichousindikiza wimbo huo ni cha Kikipsigis, binamu mwingine wa obokano.

Wengi hukisimulia kisa hiki kama kichekesho. Mimi naona kinaeleza jambo zito zaidi: masikio ya watu wa ukanda huu hayakuiona bluzi kuwa ngeni. Walipomsikia mtu akiimba peke yake na nyuzi zake, walimweka moja kwa moja mahali pa mpiga kinubi.

Gitaa lenyewe lilipanda milimani kwa miguu ya vibarua na askari. Vijana wa Gusii walikwenda Kericho kuchuma chai, wengine wakaenda Nairobi na Mombasa, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia wakaingia jeshi la kikoloni la KAR. Ndani ya jeshi hilo kulikuwa na kikosi cha burudani, na humo ndimo Fundi Konde wa Pwani alimojijengea jina. Aliyerudi na gitaa la dukani alikuwa amerudi na mali. Asiyekuwa na uwezo alitengeneza lake kwa debe na ubao, nyuzi zikawa nyaya za breki ya baiskeli zilizofumuliwa. Likiwa halina umeme, watu waliliita gitaa kavu, na jina hilo halijafa mpaka leo.

Aliyewafundisha wapigaji wa Afrika Mashariki cha kufanya na gitaa hilo ni Mkongo. Mwaka 1952, mjini Jadotville, Katanga, ambao leo unaitwa Likasi, Tracey alimrekodi kijana Jean Bosco Mwenda akipiga wimbo wake Masanga. Mwenda alitumia vidole viwili tu vya mkono wa kulia, gumba na shahada. Gumba lilitembea kwenye nyuzi nene bila kupumzika, shahada ikacheza juu yake kwa mapigo yasiyolingana na yale ya gumba, hata ungeapa wako wapigaji wawili. Mwisho wa miaka ya 1950 alikuja Nairobi, ambako Peter Colmore alimpa kazi ya kutangaza vidonge vya Aspro kwa nyimbo. Aliimba kwa Kiswahili cha Katanga, hivyo msikilizaji wa Keroka au Ogembo, huku Gusii, alipata maneno pamoja na nyuzi.

Magharibi mwa Kenya mtindo huo ulipata wenyewe. George Mukabi wa Kisa aliuchanganya na midundo ya Kiluhya ikazaliwa omutibo, akafa mwaka 1963 kabla ya kuzeeka. Majirani wa Kisa kutoka Bunyore, Abana ba Nasery, walijulikana kwa chombo ambacho hakijapata kuvumbuliwa Mississippi: chupa ya Fanta. Chupa za zamani zilikuwa na mistari iliyoinuka kuizunguka. Enos Okola alizikwaruza kwa chuma huku Shem Tube na Justo Osala wakipiga magitaa mawili, moja chini na jingine juu. Watatu hao walirekodi miaka ya 1960, wakasahaulika, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakaitwa Uingereza kupiga. Albamu waliyoifanyia London ilitoka mwaka 1992. Wazungu walioketi kuwasikiliza walilipa ili kupata kile ambacho hapa kilikuwa kikipatikana kwa kualikwa tu nyumbani kwa mtu. Muziki wa kizazi cha Mukabi ulikwisha kutolewa nje hata kabla ya hapo: katika miaka ya 1980 John Storm Roberts alikusanya santuri za zamani za magitaa makavu na kuzitoa chini ya jina Kenya Dry.

Kwa nini basi Kisii na Nyamira hazina jina kubwa katika orodha hiyo? Jibu langu ni kwamba vilio na vicheko vya Gusii havikukosa wapigaji, vilikosa mashine. Studio zilikuwa Nairobi, na aliyetaka kurekodi bila kwenda mbali alipanda gari hadi Kericho, kwenye duka la santuri la A. P. Chandarana, lenye studio yake. Kwa miongo mingi duka hilo lilikuwa mlango wa wanamuziki wa magharibi na Bonde la Ufa, Waluo, Wakipsigis na Abagusii. Lakini kufikia wakati ambapo studio ile ilikuwa imeshika kasi, kilichouzwa kilikuwa benga. Aliyekuja na gitaa kavu peke yake alikuta soko linataka bendi: gitaa la solo, la ridhimu, la besi, na ngoma.

Benga ilichukua mengi kutoka nyatiti, hilo linajulikana, na shirika la Ketebul Music lililieleza vizuri katika kazi yake ya 2008 juu ya historia ya benga. Huko Gusii, Christopher Monyoncho na bendi yake ya Riakimai waliifanya benga iongee Ekegusii, na sikio likitulia juu ya gitaa la besi la nyimbo za namna hiyo litasikia uzito unaofanana na wa obokano. Sisemi besi ile ilinakiliwa. Nasema msikilizaji aliyelelewa na nyuzi nzito alijua anataka nini.

Kanisa nalo lilikuwa na mkono wake. Wasabato na Wakatoliki walifika Gusii mwanzoni mwa karne ya 20, na kwa Msabato hasa, pombe ni mwiko. Obokano, iliyokaa karibu na chungu, iliingia kapu moja na chungu. Mtu aliyeokoka aliiacha ukutani. Ajabu ni kwamba shule, zilizoanzishwa na makanisa hayohayo, ndizo zilizokuja kuitunza baadaye, kupitia tamasha za muziki za kila mwaka ambazo huwapandisha watoto jukwaani na vyombo vya asili. Ila dakika chache mbele ya waamuzi si sawa na usiku mzima. Mtoto hujifunza wimbo mmoja ulionyooka. Kukatiza, kuchokoza na kumjibu msikilizaji hakuna alama.

Pigo kubwa zaidi lilitoka kwa spika. Matanga, ambapo zamani mpiga nyuzi alikesha na wafiwa, yalikuja kuvamiwa na disko matanga: jenereta, spika mbili ndefu kama milango, na vijana wanaocheza kuchangisha pesa za mazishi hadi alfajiri. Machifu na makamishna wamepiga marufuku disko hizo mara nyingi kwa sababu za usalama wa watoto, na wako sahihi. Lakini marufuku haimrudishi mpigaji. Aliyekuwa akialikwa alizeeka, na mwanawe alinunua kinanda.

Haimaanishi kwamba hakuna aliyebaki. Grandmaster Masese, mwana wa Gusii, ameipeleka obokano katika majukwaa ya mashairi ya Nairobi, akiipiga kama anavyofanya mwimbaji wa bluzi, maneno mbele na nyuzi nyuma. Kwingineko Afrika Mashariki mkutano wa namna hiyo umekwisha kufanyika kwa heshima zote: mkongwe wa bluzi Taj Mahal alikaa na Culture Musical Club ya Zanzibar, na mwaka 2005 ikatoka albamu yao Mkutano. Kama udi na gitaa la bluzi viliweza kuketi pamoja Unguja, sioni kwa nini obokano na gitaa kavu visiketi pamoja katika ukumbi wowote wa Kisii, watu hamsini, taa ya kawaida, na spika zikiwa zimefungiwa stoo. Serikali mbili za kaunti zina maafisa wa utamaduni na bajeti za sherehe za kila mwaka. Fedha za kukodi spika za siku moja zingetosha kuwalipa wazee kadhaa wapige usiku mmoja.

Na kazi ya kuhifadhi isingoje serikali. Rekodi za Tracey zimo katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Mwaka 2014 nakala zake zilirudishwa kwa Wakipsigis, na familia zikasikia sauti za wazee wao baada ya miaka 64. Wao walibahatika kwamba kulikuwa na mtu aliyefika na mashine. Kwetu sehemu kubwa ya ushahidi imo ndani ya nyumba: santuri za Kericho zilizofungwa kwenye magunia, kanda za kaseti za harusi na matanga, gitaa la babu lililokatika shingo. Ukizipata usizitupe, wala usimwuzie mchuuzi wa vyuma chakavu. Andika juu yake jina la mpigaji, kijiji na mwaka kama mama au shangazi bado anavikumbuka, kisha zipeleke kwa watu wenye mitambo ya kuzinakili. Na ukiwa na mzee anayejua kuifunga obokano, mrekodi kwa simu yako wikendi hii.